Saa Tatu Usiku Gari Liwe Limehama: Mwongozo wa Theluji kwa Mgeni wa Minneapolis

Ukifika Minneapolis, jimbo la Minnesota huku Marekani, mwezi wa Julai utadhani waliokutisha na baridi walikuwa wanakutania. Jua linawaka mpaka karibu saa tatu usiku, watoto wanaogelea maziwani, na mbu ni wa kushindana na wale wa Kisumu. Kisha Novemba inaingia. Asubuhi moja unaamka mtaa umenyamaza, hata muungurumo wa magari husikii. Unafungua pazia na kukuta gari lako limegeuka kichuguu cheupe katika safu ya vichuguu vyeupe.

Hapo wageni wengi huhangaika na makoti, buti na glavu, mambo ambayo mtu yeyote wa dukani atakusaidia, na gari wakalisahau. Mwongozo huu unahusu gari, koleo na chumvi: jiji linaondoaje theluji, na wewe ufanye nini ili msigombane.

Kwanza lione tatizo kwa macho ya jiji. Kwa wastani Minneapolis hupata inchi 51 hivi za theluji kwa msimu, yaani karibu sentimita 130, kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Msimu wa 2022–23 ilipita inchi 90. Mwaka 1991 dhoruba iliyoanza Oktoba 31, siku ya Halloween, ilimwaga zaidi ya inchi 28 kabla haijatulia, na waliokuwa watoto wakati ule wanaisimulia kama wazee wetu wanavyosimulia mafuriko ya 1961. Jiji lina barabara za zaidi ya maili 1,000, na vichochoro vya maili kama 400 juu yake. Theluji yote hiyo haiwezekani kuzolewa na kupelekwa kwingine. Inasukumwa pembeni. Na pembeni ndipo tulipoegesha magari.

Kanuni zote zitakazofuata zimezaliwa na jambo hilo moja.

Hatua ya 1: Usome mtaa wako kungali na majani mitini

Fanya hivi mwezi wa Oktoba, jioni moja, kwa miguu. Itakuchukua dakika kumi.

Tafuta kwanza kama mtaa unaoegesha ni Snow Emergency Route, yaani barabara kuu inayosafishwa kabla ya nyingine zote wakati wa dharura ya theluji. Utaona vibao vyekundu vyenye maneno hayo, na mara nyingi hata kibao cha jina la barabara pale kwenye kona kina rangi ya buluu. Usipoviona vibao hivyo, wewe uko mtaa wa kawaida. Kuna na aina ya tatu, barabara za bustani zinazozunguka maziwa na kufuata vijito, ambazo majina yake huishia na Parkway. Hizo nazo zina siku yake. Ukibaki na shaka, tovuti ya jiji ina ramani. Unaandika anwani nayo inakujibu.

Kisha angalia namba za nyumba. Upande mmoja wa mtaa ni shufwa, namba zinazoishia na 0, 2, 4, 6 au 8. Upande wa pili ni witiri, zinazoishia na 1, 3, 5, 7 au 9. Hesabu ya darasa la pili, lakini imeshawalipisha faini watu wenye shahada. Wanaoponzwa zaidi ni wakazi wa nyumba za kona. Namba ya nyumba yako haijalishi hata kidogo. Kinachojalisha ni upande gari liliposimama, katika mtaa lilipo. Nyumba yako inaweza kuwa 3401 na kutazama barabara nyingine kabisa, huku gari umeliegesha ubavuni. Basi soma namba za nyumba zinazotazama mtaa huo wa ubavuni, uone gari liko upande gani.

Mwisho, tafuta mahali pawili pa kukimbilia. Uwe na mtaa wa kawaida ulio karibu ikiwa wewe unakaa kwenye barabara kuu, na barabara kuu iliyo karibu ikiwa unakaa mtaa wa kawaida. Viandike kwenye simu. Usiku wa theluji hutakuwa na akili ya kuvitafuta.

Hatua ya 2: Utofautishe theluji na dharura ya theluji

Si kila theluji ni dharura. Inchi moja au mbili zikianguka, malori hutoka kimyakimya, yakasafisha barabara kubwa, yakamwaga chumvi kwenye makutano na vilima, basi. Huna haja ya kuhamisha chochote. Siku nyingine utaona mistari myembamba myeupe imechorwa kwenye lami kavu, sambamba, kama mtu amepita na reki. Hayo ni maji ya chumvi yaliyonyunyizwa kabla ya theluji kufika, ili tabaka la kwanza lisigandamane na lami. Ukiyaona, jua kwamba waliosoma utabiri wameshaanza kazi.

Dharura yenyewe hutangazwa mara chache tu kwa msimu, theluji inapokuwa nyingi kiasi kwamba ni lazima isafishwe kutoka ukingo mmoja wa barabara hadi mwingine. Jiji hutoa tangazo kabla ya saa kumi na mbili jioni, na utekelezaji unaanza saa tatu usiku huohuo. Unapewa muda wa saa tatu, basi.

Kwa hiyo jiandikishe kupokea taarifa mapema: ujumbe wa simu, barua pepe, au programu ya simu ya jiji. Upo pia mstari wa simu, 612-348-SNOW, wenye maelezo kwa Kiingereza, Kihispania, Kihmong na Kisomali. Sisi wa Kiswahili tunapigiana wenyewe, na ni jambo zuri, ila lina hatari yake, kama utakavyoona.

Hatua ya 3: Siku tatu za dharura

Hapa usiruke mstari.

Siku ya kwanza ni kuanzia saa tatu usiku hadi saa mbili asubuhi. Hairuhusiwi kuegesha upande wowote wa barabara kuu zenye vibao vyekundu. Mitaa ya kawaida iko huru, pande zote mbili, kwa hiyo usiku huo kila mtu wa barabara kuu anaingia mitaani kutafuta nafasi, na mitaa inajaa. Toka mapema. Ukisubiri saa mbili na nusu utazunguka kama kipanga.

Siku ya pili ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Sasa mitaa ya kawaida ndiyo inayosafishwa, upande wa shufwa. Usiegeshe upande huo, wala upande wowote wa barabara za bustani. Nafasi yako ni upande wa witiri, au barabara kuu zilizosafishwa usiku.

Siku ya tatu, saa zilezile, ni zamu ya witiri. Hamia upande wa shufwa uliosafishwa jana, au barabara kuu.

Njia ya kukumbuka ninayowapa wageni ni hii: kubwa, shufwa, witiri. Hesabu inaanza na mbili kisha inarudi kwenye moja. Haina mantiki nyingine, ishike hivyohivyo.

Kanuni ina mlango mdogo wa kutokea. Kizuizi kinadumu mpaka saa iliyotajwa, au mpaka barabara iwe imesafishwa kabisa. Neno zito hapo ni “kabisa”. Lori likipita mara moja katikati na kuacha njia moja, hiyo haijawa kusafishwa. Ni mpaka lami au theluji iliyogandamana ionekane upana wote, hadi ukingoni. Nimeona watu wakirudisha magari dakika tano baada ya lori la kwanza, wakiwa na furaha ya kupata nafasi mbele ya mlango, na greda linakuja nyuma yake na brekidauni zikilifuata.

Theluji ikirudi kabla ya siku tatu kuisha, jiji linaweza kutangaza dharura upya. Hapo hesabu inaanza tena siku ya kwanza, saa tatu usiku. Usikariri siku uliyokuwa. Sikiliza tangazo la mwisho.

Sasa ile hatari niliyoitaja. Binamu yangu amekulia hapa, Kiswahili chake ni cha kusalimia na cha kuomba chakula. Baridi moja nilikuwa kazini, nikampigia: “Kaka, dharura imetangazwa. Toa gari kabla ya saa tatu usiku.” Akasema sawa, akaweka kengele ya simu. Saa tisa usiku kengele ikalia, akavaa koti na buti, akashuka ngazi akiwa na ufunguo mkononi, akakuta barabara nyeupe, safi, imefagiwa kama ua wa bibi harusi, na mahali pa gari pamebaki umbo la mstatili lenye theluji pembezoni. Alikuwa amesikia “tatu” akaandika 3. Tangu siku hiyo, nikiongea na watoto wetu waliozaliwa huku, nasema saa ya Kiswahili na papo hapo naitaja ya Kizungu. Saa tatu usiku ni 9 p.m. Saa mbili asubuhi ni 8 a.m. Saa mbili usiku ni 8 p.m. Iandike hivyo kwenye mlango wa jokofu.

Neno kwa wenzangu wa zamu za usiku, maana wengi wetu tuko kwenye nyumba za wazee na hospitali. Ukiingia kazini saa tano usiku na kutoka saa moja asubuhi, siku ya kwanza gari lako liko nawe kazini, hivyo hofu si ya nyumbani ila ya pale ulipoegesha. Kama kazini huna maegesho ya ndani, chunguza mtaa wa kazini kama ulivyochunguza wa kwako. Mtego mkubwa ni asubuhi. Unafika nyumbani saa moja na nusu, umechoka, unaona nafasi safi mbele ya mlango upande wa shufwa, unaingia, unalala. Nusu saa baadaye siku ya pili imeanza nawe unakoroma. Pita nafasi hiyo. Tafuta upande wa witiri hata kama ni mwendo wa nyumba kumi.

Ukivuka mto kwenda St. Paul, jiji jirani, sahau yote niliyosema. Wao wana utaratibu wao wa zamu ya usiku na zamu ya mchana, na vibao vyao. Vitongoji vingi navyo hukataza gari kulala barabarani majira yote ya baridi, iwe kuna theluji au hakuna. Ukienda kulala kwa shangazi wa kitongojini, muulize kabla hujazima injini.

Hatua ya 4: Likishavutwa

Usipige polisi kuripoti wizi. Kwanza ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya jiji uone kama liko yadi wanakopeleka magari yaliyovutwa. Likiwa huko, nenda upesi. Gharama ya kuhifadhi inahesabiwa kwa siku, inajumlishwa na gharama ya kuvuta, na faini ya kuegesha ni karatasi nyingine inayojitegemea. Beba kitambulisho chenye picha na hati za kuonyesha kwamba gari ni lako. Kama liko kwa jina la mwenzako, nendeni wote. Na vaa vizuri, maana asubuhi ya dharura hutakuwa peke yako kwenye foleni.

Hatua ya 5: Koleo, na tuta litakalokuudhi

Barabara ni ya jiji. Njia ya waenda kwa miguu iliyo mbele ya nyumba ni ya mwenye nyumba. Nyumba ya familia moja au mbili inapewa saa 24 tangu theluji ikome. Majengo ya fleti na ya biashara yana saa nne za mchana tu, zikihesabiwa kuanzia saa mbili asubuhi. Isafishwe upana wote hadi kwenye zege, si njia ya unyayo mmoja, na kama nyumba iko kona, isafishwe pamoja na ule mteremko wa kushukia barabarani. Hapo ndipo anapopita mama mwenye kigari cha mtoto na mzee wa kiti cha magurudumu.

Asiyesafisha anaweza kuripotiwa kwa 311, namba ya simu ya huduma za jiji. Jiji hutuma onyo, na kama hakuna kilichofanyika linatuma watu wake wasafishe, kisha bili inaenda kwa mwenye mali na kuingia kwenye kodi yake ya jengo. Wewe mpangaji, soma mkataba. Katika nyumba nzima ya kupanga mara nyingi koleo limeandikwa kwako, hata kama mwenye nyumba hakulitaja siku ya kukabidhi ufunguo.

Theluji unayoitoa iweke kwenye nyasi zako. Kuitupa barabarani au kichochoroni ni kosa, na zaidi ya kuwa kosa ni ujinga, kwa sababu lori litakurudishia.

Hilo linatuleta kwenye tuta. Utasafisha njia yako ya kuingizia gari mpaka kiuno kilie, utaweka koleo kando, utaingia ndani kunywa chai. Kisha lori la plau litapita, na mdomoni mwa njia yako litaacha tuta la theluji zito, lenye mabonge ya barafu, linafika gotini. Siku ya kwanza nilidhani dereva ananichukia. Dereva hana la kufanya. Plau linasukumia kulia, na palipo na uwazi theluji inamwagikia humo. Tuta ni lako.

Mzee jirani yangu, wa ukoo wa Norwei, aliniangalia misimu miwili nikilipiga tuta hilo kwa hasira, msimu wa tatu akavuka kuja kunionyesha. Simama mwanzo wa njia yako ukiitazama barabara. Magari ya upande wako yanakuja kutoka kushoto kwenda kulia. Theluji yako yote itupe kulia. Kisha upande wa kushoto, kando ya barabara, chimba mfuko mtupu wa hatua tatu nne. Lori likija litajaza mfuko ule kwanza, na likifika mbele ya njia yako plau litakuwa limeshapunguza mzigo. Mfuko haumalizi tuta, lakini unalikata nusu. Alipomaliza kunieleza akasema neno moja tu la Kiingereza lenye maana ya “basi”, akarudi kwake. Huku ndivyo watu wanavyokupenda.

Mambo matatu ya haraka. Koleo la kusukumia na koleo la kuinulia ni vitu viwili, nunua vyote. Theluji ya Machi ni nzito kuliko ya Januari, kwa sababu imejaa maji, hivyo inua kidogokidogo na usimwache mzee mwenye moyo dhaifu aifanye kazi hiyo. Na kabla hujawasha gari lililofunikwa, chimbua bomba la moshi nyuma. Likiziba, hewa ya sumu inarudi ndani ya gari, na haina harufu.

Kama kuna bomba la zimamoto mbele ya nyumba yako, lifukue nalo, upana wa hatua moja kila upande. Hakuna atakayekushukuru mpaka siku itakapohitajika.

Hatua ya 6: Chumvi, na kwa nini mkono wako uwe mwepesi

Mgeni akinunua mfuko wa chumvi ya barafu huimwaga kama anayelisha kuku. Nilifanya hivyo. Siku ya pili nikamwaga tena, barafu ipo palepale, nikadhani nimeuziwa mchanga.

Chumvi haina joto lolote ndani yake. Inafanya kazi kwa kuingia kwenye maji na kuyazuia yasigande mapema, kwa hiyo inahitaji walau unyevu kidogo ili ianze. Lami ikishuka chini ya nyuzi 15 za Fahrenheit, kama 9 chini ya sifuri kwa Selsiasi, chumvi ya kawaida inalegea mpaka inakuwa changarawe. Na Januari ya hapa hushuka chini ya hapo wiki nzima. Ndiyo maana utaona siku za baridi kali sana malori ya jiji yanamwaga mchanga zaidi: mchanga hauyeyushi kitu, lakini unampa tairi mahali pa kushika. Ipo chumvi ya aina nyingine, yenye kalsiamu au magnesiamu, inayovumilia baridi zaidi. Soma mfuko; kiwango cha chini huwa kimeandikwa.

Utaratibu ni huu. Piga koleo kwanza, mpaka chini. Kwangua barafu iliyobaki. Ndipo unyunyize chumvi pale tu palipobaki na utelezi, chembe zikiwa zimeachana kama mbegu za mchicha zilizopandwa vizuri. Kikombe kimoja cha kahawa, cha aunsi 12, kinatosha njia ya gari ya futi 20 au miraba kumi ya njia ya miguu. Ikikauka na chembe zikabaki juu ya zege, fagia uzirudishe kwenye ndoo utumie tena.

Nasisitiza kwa sababu ya maji. Sehemu ya kwanza ya jina la Minneapolis inatokana na neno la Kidakota, *mni*, maana yake maji, na jiji limejaa maziwa kila upande. Chumvi tunayoimwaga haiozi wala haipotei. Theluji inayeyuka, inaingia kwenye mifereji ya mvua, inafika ziwani na inakaa huko. Idara ya jimbo inayoshughulika na uchafuzi husema kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha kuharibu galoni tano za maji, kama lita 19, na hakuna njia rahisi ya kuitoa. Wale samaki unaowaona Julai wanaogelea ndani ya matumizi yako ya Januari.

Kwa mchanga, usinunue. Jiji hutoa bure kwa wakazi kwenye vituo vyake; beba ndoo na koleo lako mwenyewe. Mimi huweka ndoo moja ndani ya buti ya gari. Ukikwama, nyunyiza mbele ya matairi yanayovuta, ukanyage mafuta kidogokidogo. Ukikanyaga kwa hasira tairi linajichimbia kaburi.

Kutembea nako kuna ufundi. Mchana jua linayeyusha kingo za marundo, maji yanatiririka njiani, usiku yanaganda yakawa kama kioo usichokiona. Alfajiri ndipo watu wanapoanguka. Tembea kama bata: hatua fupi, unyayo mzima chini, mikono nje ya mifuko.

Hatua ya 7: Februari, mitaa inapobana

Ikiwa msimu ni mbaya na theluji haiyeyuki, marundo ya pembeni yanakua mpaka mtaa unabaki njia moja, na gari la zimamoto haliwezi kupita. Hapo jiji linaweza kupiga marufuku kuegesha upande wa shufwa wa mitaa ya kawaida mfululizo, dharura iwepo au isiwepo. Ilifanyika hivyo Januari 2023. Marufuku hayo hukaa hadi Aprili 1, yasipoondolewa mapema. Nusu ya nafasi za mtaa inatoweka, na mnaanza kujuana na majirani kwa namna ambayo salamu za kiangazi hazikuwafikisha.

Wakati huo watu wanahitaji la kuwachekesha. Idara ya barabara ya jimbo, ambayo ndiyo inayosafisha barabara kuu za kasi kama 35W na 94, ilifungua shindano la wananchi kuyapa malori yake majina. Mshindi wa 2021 alikuwa Plowy McPlowFace. Watu wazima, wenye mikopo ya nyumba, walipiga kura. Ukilikuta barabarani, kaa nyuma yake kwa umbali mzuri. Linakwenda polepole kwa sababu linafanya kazi, na anayelipita haraka anaingia kwenye theluji ambayo bado halijaifikia.

Kisha Aprili inafika, marundo yanakuwa meusi, yanatoa ndoo, glavu moja moja na kiatu cha mtoto kilichopotea Desemba. Barabarani unabaki mchanga wote wa msimu mzima. Jiji linaleta magari ya kufagia, mtaa kwa mtaa. Siku moja kabla, wanaweka vibao vya muda vya kukataza kuegesha, na atakayeacha gari lake pale litavutwa. Vibao hivyo ni vidogo, hivyo ukirudi nyumbani jioni uvitazame.